Mauntingi ya chini laini kwenye hachibeki ya mbio: niweke poli au nitajuta?

#1 GiaYaTatu
Wakuu habari. Nina hachibeki ya tabo, lita 2, gia za mkono, inavuta mbele. Jina la gari silitaji, najua uzi utageuka vita ya mashabiki.

Shida iko hivi. Nikikanyaga mafuta gia ya kwanza au ya pili, nasikia injini nzima inalala nyuma, nikiachia inarudi mbele na "du!" moja chini ya miguu. Gia liva inakwenda nayo. Lami ikiwa na unyevu nikaondoka kwa fujo, tairi za mbele haziserereki, zinaruka-ruka, na kila kilichomo kwenye dashibodi kinaongea.

Mauntingi ya chini (ule mshikio wa mpira unaoizuia injini kwa chini) nimeitazama. Haijachanika. Ila mpira wake una uwazi mkubwa mbele na nyuma, ukiusukuma kwa mtaimbo unacheza bila ubishi. Nawaza kuweka ya poliyurethani (poli, plastiki inayonepa ila ngumu kuliko mpira). Hiyo moja inatosha au zote tatu, pamoja na mbili za juu? Na ugumu upi? Wajuvi karibuni.

#2 Kibiriti
Nimeweka kambi hapa.

#3 SpanaKumiNaTatu
Mkuu, kabla hujanunua chochote tenganisha mambo mawili: laini kwa kuundwa hivyo, na laini kwa kuchoka. Huo uwazi unaouona si ugonjwa. Mauntingi ya chini ya gari nyingi za aina hii inaachwa na nafasi makusudi, ili mtetemo mdogo wa sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) upotelee kwenye mpira mwembamba. Ukikanyaga mafuta nafasi inajifunga, mpira unagota kwenye mpira mnene, ndipo inakuwa ngumu. Kwa hiyo kuisukuma kwa mtaimbo gari ikiwa imezimwa unaipima pale ilipo laini kuliko pote.

Pima hivi. Fungua boneti, mtu mmoja ndani, breki ya mkono juu na ya mguu imekanyagwa. Aweke gia ya kwanza, aachie klachi taratibu mpaka injini ianze kuinama, akanyage tena. Kisha rivasi vilevile. Wewe simama UBAVUNI, usikae mbele ya gari hata kwa sekunde. Injini ikiinama polepole na kurudi polepole pande zote mbili, mauntingi zako ni nzima ila laini. Ikipaa kwa kishindo upande mmoja, kuna iliyokatika, na poli ya chini haitaiponya.

Halafu angalia ile ya upande wa mkanda, ile kubwa ya juu. Kwenye magari mengi ni ya maji. Ukiona ute mweusi umetiririka chini yake, imeshakufa hiyo.

#4 GiaYaTatu
Shukrani mkuu. "Ya maji" una maana gani? Ya kwangu inaonekana ni mpira na chuma tu.

#5 Mama_Difu
Ndani ya huo mpira kuna vyumba viwili vyenye majimaji ya glaikoli, katikati kuna kipande chenye njia nyembamba iliyozunguka. Injini ikiruka mruko mkubwa wa polepole, tuseme umeingia shimo, majimaji yanalazimika kupita kwenye ile njia na mruko unakufa. Mtetemo mdogo wa haraka hauyasukumi majimaji njiani, unaishia kwenye kiwambo laini. Kwa hiyo mauntingi moja inafanya kazi mbili. Poli inafanya moja tu, ya kushika.

Sasa jambo ambalo wengi hawalihesabu. Watu wanadhani mauntingi zinabeba nguvu ya injini, zile Nm (niutoni mita, nguvu ya kuzungusha) zilizoandikwa kwenye brosha. Kwa gari inayovuta mbele yenye injini ya kukingama (iliyolala kushoto-kulia), difu (gia za mwisho zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) imo humo humo ndani ya giaboksi. Maana yake mauntingi zinapingana na nguvu inayotoka kwenye draivu shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu), yaani baada ya gia kuizidisha. Injini ya Nm 350, gia ya kwanza pamoja na difu tuseme inazidisha mara 12, unapata Nm 4,200. Mauntingi ya chini ikiwa sentimita 40 kutoka kwenye mhimili ambao injini inabidukia, hiyo ni niutoni 10,500, zaidi ya uzito wa tani moja unavuta kampira kanakoenea kiganjani. Ndiyo maana gia ya kwanza na ya pili unaisikia, ya tano huisikii.

#6 Kigingi
> Mama_Difu: *"unapata Nm 4,200"*

Dada, hesabu tamu lakini tairi zimeachwa nje. Hiyo 4,200 itafika tu kama lami itaikubali. Tuseme mbele kuna kilo 850, mshiko wa 1, nusu kipenyo cha tairi sentimita 31. Unapata kama Nm 2,600, zaidi ya hapo tairi inaserereka na mauntingi haioni kitu. Kwa hesabu yako hiyohiyo ya sentimita 40 inabaki niutoni 6,500. Bado ni nyingi, ila tani hazifiki.

#7 Mama_Difu
Kigingi, hiyo ni sahihi kwa mwendo uliotulia. Mwenye uzi analalamikia tairi zinazoruka. Hapo tairi inashika, inaachia, inashika, na kila ikishika, injini na giaboksi zilizokuwa zinarudi zinakutana na pigo zikiwa mwendoni. Kilele cha pigo hilo kinapita wastani wako. Ndipo draivu shafti zinapovunjika, na zinavunjika kwenye lami nzuri, kwenye tope hazivunjiki.

#8 Kibiriti
Darasa linaendelea. Natoa daftari.

#9 TaboNdogo
Nije na ushuhuda sasa. Mimi sikubadili mauntingi nzima, niliweka kile kijazo cha poli, kile kipande kinachoingia kwenye uwazi wa mpira wa chini. Fundi alishusha boliti, akakipaka grisi, akakisukuma, basi. Faida: kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili kwa haraka ile liva haikatai tena. Ukiachia mafuta na kukanyaga tena kwenye kona, gari inajibu palepale, ile "ngoja kwanza nijipange" imekwisha.

Hasara: ukiwasha AC gari ikiwa sailensa, kioo cha ndani kinatetemeka mpaka huoni namba ya gari la nyuma. Na kuna plastiki moja karibu na boksi la glavu inalia kwenye mizunguko 1,500 hadi 1,800 hivi. Nimeizungushia kitambaa, ikahamia nyingine.

#10 Masikio_Mawili
Hiyo milio si inapungua poli ikishazoea? Nimesikia ukitembea kilomita elfu moja hivi inalainika.

#11 BushiNgumu
Kinachozoea ni masikio ya dereva. Poli haina cha kuzoea.

#12 TaboNdogo
Hapana aisee, ya kwangu ilipungua kweli. Abiria wangu ambaye hana habari na mambo ya gari ndiye aliyesema.

#13 SpanaKumiNaTatu
Mnaweza kuwa mnasema kweli nyote wawili. Kijazo kikiingizwa kwa nguvu kinakaa kimebanwa kabla hata ya kazi kuanza, wiki za mwanzo kinajikalia kwenye nafasi yake na ule mbano unapungua. Poli haijalainika, imekaa tu. Ile mauntingi nzima iliyomiminwa poli sijaona ikibadilika hivyo.

#14 Mzee_Kabureta
Vijana mnagundua moto. Mini ya 1959 injini ilikingama na kulikuwa na kamkono kafupi juu kanakozuia isibiduke, kana bushi mbili ndogo. Bushi zikichoka klachi inatetemeka ukiondoka, na bomba la ekzosi linapasuka kwenye maungio. Watu walikuwa wanaweka bushi ngumu enzi hizo, na malalamiko yalikuwa haya haya ya kelele. Kisha ikaja Golf GTI mwaka 1976 ikiwa na farasi 110, halafu Peugeot 205 GTI mwaka 1984 na 105, nayo mauntingi ya chini ilikuwa wimbo wa kila fundi. Leo mna farasi 250 mnashangaa mpira umechoka?

#15 Kibiriti
Mzee Kabureta usituambie mwaka huo wa 1959 ulikuwa na leseni tayari 😂

#16 Mzee_Kabureta
Nilikuwa na adabu tayari, wewe hujaipata mpaka leo.

#17 Mama_Difu
😂😂 Turudi kwenye kutetemeka, maana kuna sababu yake. Injini ya silinda nne inachoma mara mbili kila mzunguko. Sailensa ya mizunguko 800 kwa dakika ni hezi (mitetemo kwa sekunde) kama 27. Sasa kila kitu kilichokaa juu ya mpira kina masafa yake kinayopenda kucheza. Mpira unaanza kukukinga pale mtetemo unapopita masafa hayo mara 1.4, chini ya hapo unakuongezea. Watengenezaji wanachagua mpira laini ili injini ipende kucheza kwenye hezi 10 hivi, hapo 27 iko mbali, unakaa raha. Ukiongeza ugumu mara nne, masafa yanapanda mara mbili, yanafika 20. Mara 1.4 ni 28. Umeshaingia nyumba isiyo yako.

Ndiyo sababu wengine wakipandisha sailensa kidogo tu, 800 iwe 900, mtetemo unakufa. 900 ni hezi 30.

#18 Kigingi
Hapo nakupa tano. Lakini hiyo ni kwa anayebadili zote tatu. Uzito wa injini umening'inia kwenye zile mbili za juu, ya chini haibebi uzito, inazuia kubiduka tu. Kwa nini basi TaboNdogo anatetemeka na amegusa ya chini peke yake?

#19 BushiNgumu
Kwa sababu AC imewashwa. Kompresa inavuta, injini inaongezewa mafuta kuibeba, kila mchomo unakuwa na pigo kubwa zaidi na injini inataka kubiduka mbele nyuma. Ya chini ndiyo inayolisikia hilo. Zima AC uone.

#20 Mwana_wa_DSG
Sisi wa DSG (giaboksi ya klachi mbili inayojibadilisha yenyewe) tuna yetu. Gari ikiwa D umeshika breki, klachi zinagusa kidogo, ya chini inakuwa tayari ina mvuto. Nikiweka N kimya kabisa. Mwenye gia za mkono akiwa nyutro hana tatizo hilo, kwa hiyo mkisoma maoni ya watu kuhusu mtetemo ulizeni kwanza giaboksi gani.

#21 TaboNdogo
Nikizima AC inapungua lakini haiishi. Mimi naamini kijazo kimebana injini ikae nje ya nafasi yake kidogo, ndiyo maana.

#22 Fundi_Mtulivu
Nimekuwa nasoma tu. TaboNdogo, hilo la nafasi lina uzito kuliko yote yaliyosemwa hapo juu. Wengi wanafunga ya chini gari ikiwa juu ya jeki, boliti moja inakataa kuingia, wanavuta injini kwa mtaimbo, boliti inaingia, wanakaza. Mpira wa kiwandani unasamehe, poli haisamehi, inabaki imebeba mvuto huo maisha yake yote.

Mimi nafanya hivi: ya chini ikiwa imeshaingia na boliti zake ziko mkononi tu, nalegeza za juu robo au nusu mzunguko, injini ikiwa imeshikiliwa na jeki yenye ubao chini ya sampu (bakuli la oili). Natikisa injini kwa mikono mpaka ikae yenyewe. Nakaza za juu kwanza, ya chini mwisho. Gari ya gia za mkono naiacha nyutro. Mara nyingi mtetemo walioulalamikia unaondoka nusu bila kubadili kitu.

Na boliti, jamani. Kwenye Golf na ndugu zake za ya chini ni za kukazwa kwa kipimo kisha kuongezewa nyuzi 90. Zinavutika. Ukizifungua, weka mpya. Anayekaza boliti ya zamani "kwa mkono ulivyozoea" nisimuone kwenye uzi wa kuuliza kwa nini mauntingi imelegea.

#23 GiaYaTatu
Fundi ubarikiwe, hilo la kulegeza za juu sijawahi kulisikia. Nimefanya pia kile kipimo cha SpanaKumiNaTatu. Mbele inainama polepole. Rivasi inapaa kidogo na kutoa mlio mdogo, si ule "du" mkubwa. Ute mweusi sijauona. Mnasemaje? Na kuruka kwa tairi kutaisha nikiweka poli chini?

#24 Mwendo_Kasi_Pole
Kutaisha. Mauntingi ndiyo chanzo. Mazda 3 MPS ile ya lita 2.3 yenye Nm 380 zinaingia tairi za mbele, kitu cha kwanza wenyewe wanachobadili ni mauntingi ya nyuma, na wanakuambia kuruka kumekwisha.

#25 BushiNgumu
Wanakuambia kumepungua. Kuruka kunaanzia kwenye lowa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu). Bushi ya nyuma ya lowa amu kwenye hachibeki nyingi ni kubwa na laini kusudi usukani usikusumbue kwenye mashimo. Ukikanyaga, gurudumu linavuta mbele, bushi inajikunja, tairi inaachia, bushi inarudi, tairi inashika. Weka poli kwenye mauntingi, bushi ikibaki ile ile umebana kona moja ya kitanda, kelele itahamia kona nyingine.

#26 Kigingi
Na tairi zenyewe? Ukuta mrefu laini wa tairi nao unajikunja na kufyatuka. Nimeona gari ile ile, mauntingi zile zile, ilibadilishiwa tairi tu na kuruka kukawa hadithi. Kwenye unyevu ndiyo usiseme, mshiko unakuja na kuondoka.

#27 SpanaKumiNaTatu
Shokapu mmezisahau. Tairi ikianza kuruka, kazi ya kuizima ni ya shokapu. Zikichoka haizimwi na mauntingi yoyote.

#28 Mwendo_Kasi_Pole
Nyie kila mtu ana kipande chake. Mimi nasema hivi, kilo zaidi ya mia mbili za injini na giaboksi zikianza kupiga bembea humo ndani, hiyo bushi na hiyo shokapu zitafanya nini? Zuia uzito mkubwa kwanza.

#29 Mama_Difu
Hoja ya uzito ina nguvu, lakini kuna kitu kinaipinga. Draivu shafti nazo zinajisokota, na ya upande mmoja mara nyingi ni ndefu kuliko ya pili. Ukizuia injini isicheze kabisa, mkunjo wote unabaki kwenye shafti na tairi. Wapo walioweka chuma tupu badala ya mpira, na kuruka kukabadilika mdundo: kukawa kwa haraka zaidi na kukali zaidi.

#30 Mwendo_Kasi_Pole
Chuma tupu ni gari ya mashindano, hakuna anayemshauri mwenye uzi hilo.

#31 Mama_Difu
Sijasema kuna anayemshauri. Nimesema ukibana zaidi si lazima upone zaidi.

#32 Masikio_Mawili
Swali la kizushi: nasikia poli ngumu inaichanganya sensa ya noki, kontroli boksi inadhani injini inagonga na kupunguza nguvu. Kweli?

#33 TaboNdogo
Mimi sijaona nguvu ikipungua.

#34 Fundi_Mtulivu
Sensa ya noki imefungwa kwenye bloku, inasikiliza masafa ya juu, maelfu ya hezi. Milio ya dashibodi yako haisikii. Ila mauntingi ngumu ikifanya bati la joto au bomba liguse bloku au krosimemba (chuma kikingamo cha chini ya injini) na kugonga chuma kwa chuma, huo mgongano unaweza kufika kwenye bloku. Kwa hiyo kosa ni la kinachogusa, poli haina hatia. Injini ikikaa nafasi mpya kidogo, pita na tochi uangalie ekzosi, bomba za AC na waya.

#35 Mwana_wa_DSG
Mimi nimesoma kinyume, kwamba hata bila kugusa chochote inatokea.

#36 Fundi_Mtulivu
Weka mashine ya kusoma data, tazama ni nyuzi ngapi za taiming (wakati wa kuchoma mafuta) zinarudishwa kabla na baada, mafuta yale yale, joto lile lile. Bila hivyo tutabishana mpaka kesho.

#37 Mzee_Kabureta
Zamani sensa ya noki ilikuwa sikio la fundi na bisibisi ndefu.

#38 Kibiriti
Mzee na wewe hiyo bisibisi bado unayo?

#39 Mzee_Kabureta
Ninayo na bado inasikia vizuri kuliko wewe.

#40 GiaYaTatu
Wakuu, kwenye ugumu nichague upi? Naona 62A, 70A, 75A, 85A mpaka 95A, kichwa kinauma.

#41 SpanaKumiNaTatu
Kwa gari ya kila siku usivuke 75A. 85A ni ya mtu anayependa gari lake kuliko usingizi. 95A waachie wenye helmeti.

#42 BushiNgumu
Namba peke yake inadanganya. 70A iliyojaa kila mahali ni ngumu kuliko 85A yenye matundu. Umbo na unene vinaamua. Mimi nina 85A chini, yenye matundu, na wanangu wanalala kiti cha nyuma.

#43 SpanaKumiNaTatu
Wanao wamezoea tu, maskini.

#44 Mwendo_Kasi_Pole
Na kumbuka poli kwenye baridi inakuwa ngumu zaidi mpaka ipate joto. Asubuhi ukiwasha usishtuke.

#45 Kigingi
Bado sijaona aliyemjibu kuhusu ule mlio wa rivasi. Mbele inainama polepole, rivasi inapaa. Kwangu hiyo inanuka mauntingi ya giaboksi, ile ya kushoto, mpira umeachana na chuma upande wa chini ambao macho hayafiki. Ukiweka poli chini, mlio utafichika na ile ya kushoto itaendelea kuchanika.

#46 Fundi_Mtulivu
Inawezekana. Inawezekana pia ni ule uwazi wa ya chini, wa upande mmoja ni mkubwa kuliko wa pili kwa kuundwa, maana kwenda mbele kunahitaji kushikwa zaidi kuliko kurudi nyuma. Aweke jeki chini ya giaboksi na ubao, ainyanyue kidogo sana, amulike. Mpira ukitengana na chuma ataona mwanga.

#47 GiaYaTatu
Nitamulika mwisho wa wiki. Ikiwa nzima nachukua 70A ya chini peke yake na boliti mpya. Bushi za lowa amu nazichungulia hapohapo gari ikiwa juu. Picha nitaweka.

#48 Mwana_wa_DSG
Flaiwili yako (lile gurudumu zito kati ya injini na klachi) ni ya vipande viwili au kimoja? Kama kuna aliyekuwekea ya kipande kimoja kabla yako, ule mkwaruzo wa gia kwenye sailensa utausikia mara mbili ukiweka poli, utadhani giaboksi imekufa.

#49 Kigingi
Haya, na flaiwili nayo imeingia.

#50 Mtu_wa_Dizeli
Wakuu samahani kuingilia, ya kwangu ni dizeli ya kawaida, si ya mbio, nikizima injini inatikisika tikiso moja kubwa ndipo inanyamaza. Ni mauntingi hizi hizi au ni kitu kingine?

#51 BushiNgumu
Mauntingi.

#52 Mama_Difu
Flaiwili. Au ile valvu ya kufunga hewa wakati wa kuzima haifungi. Fungua uzi wako mkuu, hapa tumeshajaa.